Laini ya Nane

Kompyuta iliniuliza swali moja tu, kwa Kiingereza, ndani ya kijisanduku cha kijivu katikati ya kioo: Una uhakika? Chini yake palikuwa na vitufe viwili, ndiyo na hapana. Nadhani aliyeitengeneza programu ile hakuwahi kufikiri kwamba swali hilo lingemfikia mtu kama mimi. Mimi huwa sina uhakika kama nimefunga mlango hata nikiwa bado nimelishika kufuli. Nilibonyeza hapana, nikazima mashine, nikarudi nyumbani, mtaa wa Viwanja Sitini hapa Ifakara, na kulala macho wazi mpaka majogoo wa jirani wakaanza kuwika.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo ukilieleza. Kama ningebonyeza ndiyo, programu yetu ya kurekodia muziki ingerudi kama ilivyotoka kiwandani, na rangi, majina na vitufe vyote alivyovipanga Mama Swichibodi kwa miaka aliyokaa pale vingefutika. Sikujua njia yoyote ya kuvihifadhi pembeni. Kama nisingebonyeza, fundi mitambo kutoka Dar es Salaam angefika Jumamosi kuirekodi kwaya akute kioo asichoweza kukisoma, na Katibu wa kamati ya parokia alishaniambia, kwa ule upole wake unaotisha, kwamba hapo itabidi nianze kutafuta kazi nyingine. Kwaya ilikuwa inaisubiri rekodi hiyo tangu mavuno. Mama mwenyewe alikuwa amestaafu na kuhamia Chita kwa dada yake.

Kwa hiyo swali halikuwa la kompyuta. Swali lilikuwa kama nina haki ya kumfuta mtu ambaye bado yu hai.

Nilimjua sauti kabla ya kumjua sura. Nilipokuwa mdogo, baba alikuwa akinichukua kwenda naye posta kumpigia simu kaka yangu aliyekuwa anasoma Morogoro. Tulikaa kwenye benchi tukisubiri, na nyuma ya ukuta wa mbao sauti ya mwanamke ilikuwa inasema, "Ifakara hapa. Morogoro, unanipata? Usikate." Halafu jina la baba linaitwa, baba anakimbilia kwenye kibanda, anashika mkono wa simu kwa mikono miwili. Kaka anaanza shikamoo, baba anaitikia marahaba, anauliza habari za masomo, za afya, za shangazi, za mwenye nyumba wa shangazi. Kabla hajafika kwenye jambo lililotupeleka, ile sauti inaingia kati: "Dakika tatu zimekwisha. Unaongeza?" Baba hakuwahi kuongeza. Alitoka kibandani akiwa amemaliza salamu tu.

Mwanamke mwenye sauti ile ndiye huyu. Zilipokuja simu za kujipigia mwenyewe, bodi yake ya kuunganishia simu ilitolewa na kazi ikaisha. Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, wageni waliiachia parokia kompyuta yenye programu ya kurekodi, ikawekwa kwenye chumba nyuma ya ukumbi, na kila mtu akaiogopa. Kamati ikasema apewe yule mama wa swichibodi, maana amezoea mambo yenye nyaya nyingi. Ndivyo jina lilivyomfuata.

Mimi nilitoka chuo kikuu na shahada ya takwimu, sikupata kazi, nikarudi nyumbani. Kamati ikanichukua nimsomee Mama maneno ya Kiingereza.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Ndiye msomi mwenyewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Haya, Msomi, vuta kiti. Hili neno hapa pembeni linasemaje?"

Nikainama kwenye kioo. "Linasema sifa, Mama. Sifa za kitu unachokishika."

"Sifa? Nani kaomba kusifiwa hapa? Litoe."

Tukalitafutia njia ya kulitoa, tukalitoa. Wiki zile za kwanza kazi yetu ilikuwa hiyo. Mimi nasoma, yeye anahukumu. Kila kitufe ambacho hakikujibu mara moja kinamfanyia nini kilifichwa. "Asiye na kazi asikae mezani," alikuwa akisema, na mimi ninapanguza mstari mzima wa alama ambazo watu fulani walikesha kuzichora. Nilikuwa namwonea huruma yule aliyezichora. Nilikuwa pia na wasiwasi kwamba siku moja tutakihitaji kimojawapo na hatutakumbuka tulikokificha. Siku hiyo ilifika zaidi ya mara moja, na Mama hakuwahi kusema, "Kumbe." Alisema, "Msomi, ulikiweka wapi?"

Mwishowe kioo chake hakikufanana na picha yoyote iliyokuwa kwenye kitabu cha maelekezo. Nyuma palikuwa peusi ti. Maandishi yalikuwa makubwa kama ya kibao cha duka. Mashine ilikuwa na uwezo wa kubeba laini nane za sauti kwa wakati mmoja, ukizidisha, inakwamakwama. Programu ilizipanga kuanzia juu kwenda chini. Mama alizipindua, ya kwanza ikawa chini kabisa na ya nane juu, kwa sababu kwenye bodi yake walihesabu kutoka chini. Kila kilichokuwa kulia, hata kipanya, alikihamishia kushoto. Neno la kuanza kurekodi alilibadilisha likawa "Unganisha," na la kusimamisha likawa "Kata." Mtu akiimba, alivaa hedifoni sikio moja tu, la kushoto, lile jingine limeachwa wazi kwa ajili ya chumba, na akawaambia waimbaji maneno yaleyale: "Uko kwenye laini. Endelea, nakusikia."

Ile sauti ya programu ya kuhesabia mapigo, tik tik inayolia masikioni mwa waimbaji ili wasipishane, aliichukia. Alisema inamkumbusha saa ya ofisi ya meneja. Alifungua mkoba, akatoa kichomeo cha shaba, kile cha mwisho wa waya wa bodi, akakigonga kwenye meza mbele ya maiki, ko, ko, ko, nikamsaidia kukiweka mahali pa ile tik. Kwaya zote za bonde hili zilizopita pale ziliimba zikifuata kichomeo cha simu. Mwanamke huyuhuyu ndiye aliyekuwa anatuambia kila siku kwamba yeye hana mazoea na vitu, vitu ni vitu tu.

Rangi ndizo zilizonitesa zaidi. Laini moja nyekundu, nyingine nyeupe, nyingine ya bluu, na kesho yake zimebadilika. Nilifikiri ni sauti: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Haikulingana. Nikafikiri ni ubora, nyekundu kwa wanaokosea. Nilichora jedwali nyumbani. Katibu yeye alikuwa na imani yake kwamba nyekundu ni watu ambao Mama hawapendi, na alikasirika sana siku mke wake alipopewa nyekundu.

"Mama," nikamuuliza hatimaye, "hizi rangi zinamaanisha nini?"

"Umbali."

"Umbali gani?"

"Wa walikotoka. Nyeupe wa hapahapa mjini. Bluu wa karibu karibu. Nyekundu wa mbali. Hawa wa Namawala nyekundu. Wa mbali anaimba kwanza aondoke, wa hapa atasubiri. Sasa wewe ulidhani nini?"

Sikumwambia kuhusu jedwali. Nikamkumbusha tu kwamba mke wa Katibu anakaa hapahapa mjini. "Siku ile alitokea shambani," akasema. "Alitembea kuliko wote."

Hata hivyo sitaki mtu adhani kila alichopanga kilikuwa na busara ndani yake. Kulikuwa na zile dakika tatu. Aliweka kengele kwenye programu, ikifika dakika tatu inalia kwenye hedifoni za wote, na yeye anainua kichwa na kuuliza, "Unaongeza?" Nusu ya waimbaji walishtuka wakanyamaza. Ndiyo maana nyimbo za Ifakara za miaka ile ni fupi, na zile ndefu zina mahali katikati ambapo kwaya nzima inavuta pumzi kama imeona nyoka. Mwalimu wa kwaya, mtu mwenye shingo ndefu na hasira fupi, alimwomba mara nyingi aitoe.

"Mama, wimbo wa kuingilia ibada hauishi kwa dakika tatu!"

"Basi waingie haraka."

Na kulikuwa na kuhifadhi. Aliipanga programu ijihifadhi yenyewe kila baada ya muda mfupi, kwa kuogopa umeme kukatika, na kila ilipojihifadhi mashine ilisimama kidogo ikikoroma. "Inaweka," anasema Mama, na watu wote wanabaki midomo wazi. Alikuja msichana mmoja wa Namawala, mwembamba, mwenye haya, aliyeimba kipande chake siku moja namna ambayo hata Katibu aliacha kuzungusha funguo zake kidoleni. Mashine ikasimama katikati ya neno. Ikaweka. Akarudia, na akarudia tena, na kile kilichokuwepo mara ya kwanza hakikurudi. Mwalimu wa kwaya alitoka nje akapiga teke ndoo.

"Je, umeme ungekatika?" Mama akasema.

Umeme haukukatika siku ile. Mpangilio haukubadilishwa. Lakini jioni nilimwona akiisikiliza peke yake ile nusu ya neno, sikio moja, tena na tena, na niliposogea akasema, "Kafunge madirisha."

Kuhusu kusikiliza alikuwa mtu wa ajabu. Alijigamba kwamba katika miaka yake yote ya bodi hakuwahi kusikiliza maongezi ya mtu. Opereta mwenye tabia hiyo, alisema, ni kama mhudumu anayeonja sahani za wageni. Vivyo hivyo pale studio: "Mimi sisikilizi maneno. Mimi naangalia laini imefika au haijafika." Na wakati huohuo alijua nani katika kwaya hasalimiani na nani, nani anaondoka kwenda kuolewa Mahenge kabla mama yake hajajua, na aliwahi kumsimamisha mwimbaji wa kiume katikati ya ubeti wa toba na kumwambia, "Rudia, na safari hii umaanishe." Yeye mwenyewe hakuimba. Hata kanisani alifunga mdomo. Nyumbani kwake hakukuwa na redio.

Sasa laini ya nane.

Ilikuwa juu kabisa ya kioo, rangi yake kijivu, haina jina, na alikuwa ameifunga kwa ile alama ya kufuli ili hata ukiteleza na kipanya isipokee kitu. Kila kazi mpya tuliyoifungua ilifunguka nayo, maana aliiweka kwenye mpangilio wa kuanzia. Tulikuwa na laini nane na tulitumia saba. Kwaya ilipochanga ikanunua kinanda, Mwalimu wa kwaya alikuja na hoja nzuri kabisa: sauti nne, ngoma, kayamba, mwimbaji kiongozi, na kinanda. Nane. Alihesabu kwa vidole mbele ya macho ya Mama.

"Kinanda kitaimba pamoja na kayamba," Mama akasema.

"Kayamba litakimeza!"

"Watazoeana."

"Na ile pale juu ni ya nani?"

"Ile haiguswi."

Ningeweza kumuuliza. Badala yake nilifikiri. Nilifikiri labda ni ya mtoto aliyemzika. Nikafikiri labda ni ya mwanamume aliyekuwa anampigia simu kutoka mbali na siku moja akaacha. Nikafikiri ni hofu ya mashine kukwama, na hilo lilikuwa jibu la kisayansi, nikalipenda kwa siku chache, mpaka nilipoijaribu mashine yeye akiwa sokoni na ikabeba nane bila shida. Kadiri nilivyopata majibu ndivyo nilivyoogopa kuuliza, kwa sababu ningelipata moja tu na kuyapoteza mengine yote.

Mara moja aliifungua. Tulikuwa tumemaliza wimbo wa kuitwa nyumbani kwa Bwana, saba zote zimejaa, na tunaucheza kwenye spika. Mlangoni alikuwa amesimama mzee wa Kisukuma aliyekuwa akileta maziwa jikoni parokiani, galoni mkononi, fimbo kwapani. Alikuwa anaujibu wimbo. Kila kwaya ilipomaliza mstari, yeye aliweka mwito wake chini, kwa Kisukuma, sauti nzito inayotoka mbali kifuani. Mama akainua mkono, nikausimamisha wimbo.

"We baba, ingia."

"Mimi? Mimi nina maziwa hapa, mama."

"Maziwa hayana miguu. Ingia."

Akaingia, akavua kofia, akaitazama ile maiki kama ng'ombe mgeni. Mama akafungua kufuli la laini ya nane. Mwalimu wa kwaya aliruka.

"Mama! Si ulisema hiyo haiguswi?"

"Nilisema haiguswi na kinanda."

Mzee akaimba. Kengele ya dakika tatu ikalia masikioni mwake, hakushtuka hata kidogo, alimaliza alipomaliza. Tulipomuuliza maneno yake yalikuwa na maana gani, akacheka akafunika mdomo. Alikuwa anamwita ng'ombe mmoja mkaidi anayekataa kuvuka maji.

"Ng'ombe?" Mwalimu wa kwaya akasema. "Kwenye wimbo wa Bwana?"

"Mimi sisikilizi maneno," Mama akamjibu. "Mimi naunganisha tu."

Akaichanganya sauti ile na nyingine, kisha akaisafisha laini ya nane, akaifunga tena, ikabaki tupu kama zamani. Mzee akachukua galoni lake. Wimbo huo bado unauzwa kwenye kanda pale stendi, na ukisikiliza vizuri ng'ombe anaitwa mpaka mwisho.

Alipostaafu hakuaga kwa maneno mengi. Alichukua kichomeo chake cha shaba na mto wa kiti. Nilibaki peke yangu na kioo cheusi, nikifanya kazi kwa mkono wa kushoto ambao haunisikii vizuri, na kila jioni kichwa kinaniuma. Nilikaa hivyo karibu mwaka, sikuhamisha hata kitufe kimoja. Nilikuwa najiambia ni heshima. Ndipo Katibu akamleta huyo fundi wa Dar, kwanza kwa simu.

"Ameniambia mashine iwe safi, dada. Kama ilivyotoka kiwandani. Laini nane, zote wazi. Kinanda kina yake," Katibu alisema, akizungusha funguo. "Akikuta haya mauzauza, mimi sitaweza kukutetea mbele ya kamati. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Ndiyo nikaitafuta ile menyu, nikafika kwenye kijisanduku cha kijivu, na mengine nimeshayasema. Asubuhi ya pili yake nilipanda treni kwenda Chita.

Njiani nilijiandaa kwa majibu yote. Akilia, nitasema nini. Akikasirika, nitasema nini. Akisema usifute, nitamwambiaje Katibu. Nilimkuta nje ya nyumba ya dada yake anapepeta mchele, akiwa amenenepa kidogo na miwani mipya. Tulisalimiana kirefu, nikaeleza, nikaeleza tena kwa namna nyingine, nikaanza namna ya tatu.

"Umepanda treni kuja kuniuliza hilo?"

"Ndiyo, Mama."

"Futa."

Hilo sikuwa nimeliandaa.

"Vyote, Mama?"

"Ungo huu ukichakaa nitaufanyia matanga? Msomi, bodi yangu waliipakia kwenye lori nikiwa nimesimama pale nje ya posta. Watu wakanipa pole mpaka nikachoka. Nilidhani nitalia. Kumbe nilikuwa na njaa, nikaenda kula."

"Lakini ule mpangilio..."

"Ule ni wa jicho langu na mkono wangu. Hili sikio la kulia halisikii sawasawa siku nyingi, ndiyo maana kila kitu nilikipeleka kushoto. Wewe unasikilizia sikio gani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. "La kulia, nadhani."

"Unadhani?"

"La kulia."

"Na umekaa mwaka mzima umevaa viatu vyangu, halafu unakuja kuniuliza mbona miguu inauma." Akapepeta, pumba zikaruka upande wangu. Dada yake alicheka huko ndani.

Nikabaki na la mwisho.

"Na laini ya nane, Mama?"

Ungo ukasimama.

"Hiyo sikuipanga mimi."

"Ni nani?"

"Niliikuta. Siku yangu ya kwanza kazini, mama aliyekuwa ananikabidhi bodi alinionyesha: hizi ni za kuongelea, hii ya juu ni ya hospitali. Hata aje mkubwa gani, hata wafanyabiashara wa mpunga wapange foleni mpaka barabarani, hiyo inakaa wazi. Mgonjwa hangoji mtu amalize habari za bei. Siku nyingi ilikuwa kimya kabisa. Watu wananitukana dirishani hakuna laini, na moja iko wazi mbele ya macho yangu."

"Lakini Mama, hakuna mgonjwa atakayepiga simu kwenye kompyuta."

"Unaniona nimechanganyikiwa? Najua. Mkono ulikataa tu. Bodi ukishaijaza yote, akija mtu huna la kumwambia."

"Kwa hiyo niifute, nisiifute?"

"Ya kwangu nimeshakwambia, futa. Hiyo si ya kwangu. Siwezi kukupa ruhusa ya kitu nilichokikuta." Akanyanyuka, akajipangusa. "Treni yako bado. Njoo ule."

Tulikula wali na kambale, na hakulizungumza tena. Aliponisindikiza mpaka njiani, alinishika bega.

"Baba yako bado anamaliza dakika zote kwa salamu?"

Nilisimama. "Mama! Si ulisema hukuwa unasikiliza?"

"Sikuwa nasikiliza," akasema. "Nilikuwa nasikia."

Ijumaa nilifungua chumba, nikawasha mashine, nikaifuata ile menyu mpaka kwenye kijisanduku cha kijivu. Una uhakika? Nikabonyeza ndiyo kabla sijaanza kufikiri. Kioo kikapauka, vitufe vyote vilivyokuwa vimefukuzwa vikarudi kwa mpigo kama watoto waliosikia kengele ya uji, na pembeni, mahali pake pa kwanza, lile neno la sifa. Nililitoa.

Halafu nikapanga changu. Vya kushoto nikavileta kulia. Maandishi nikayafanya madogo, macho yangu bado ni mazima. Kengele ya dakika tatu sikuirudisha, na kujihifadhi nikakuweka kwenye kitufe ili nikubonyeze mwenyewe kati ya wimbo na wimbo. Kwa mapigo, nililigonga kufuli langu la nyumbani juu ya meza mbele ya maiki, na tangu siku hiyo nimekuwa nalibeba kila niendako, jambo ambalo halijanisaidia kukumbuka kama nimefunga mlango. Laini nikazihesabu kutoka juu kwenda chini, kama programu inavyotaka. Saba nikazipa majina. Kinanda nikakiweka na kayamba. Ya nane, ambayo sasa ilikuwa chini, nikaiacha tupu, nikaifunga.

Jumamosi fundi akafika, kijana mchangamfu mwenye begi la nyaya, Katibu nyuma yake. Akakaa, akatazama kioo, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Katibu akaacha kuzungusha funguo. Kwaya ilikuwa imejipanga, wa Namawala mbele.

"Safi sana, dada. Ila hii ya chini iko wazi," fundi akasema, akiisogelea na kipanya. "Tuweke kinanda hapa."

"Hapana," nikasema. "Ina mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Hajafika."

Akamtazama Katibu. Katibu akanitazama mimi, na Mwalimu wa kwaya, aliyekuwa ameshafungua mdomo, akautazama mlango. Niliwaona wote watatu na nilijua nilikuwa nacheza na kazi yangu.

"Sasa huyo asipokuja?" fundi akauliza. "Una uhakika?"

Nikavaa hedifoni, sikio la kulia, nikawageukia watu wa Namawala.

"Mko kwenye laini," nikawaambia. "Anzeni, nawasikia."